Umeongeza mbio, umepunguza bei

Bagamoyo. LIGI ya barabara ya Bagamoyo haina refa wala msimamo unaobandikwa ukutani. Jumapili jioni, watu wanaporudi Dar es Salaam kutoka ufukweni, shabiki wa magari aliyekaa kibarazani Kiromo, Zinga au Kerege hahitaji hata kugeuza shingo. Masikio yanatosha.

Ule mlio mzito, kama ngoma inayopigwa ndani ya pipa, ni Subaru Impreza. Unaofuata, wenye mluzi mwembamba kabla ya gia kubadilishwa, ni tabo ya Mitsubishi Lancer Evolution. Ile inayopita chini kabisa, tumbo likikaribia lami, ni Toyota Altezza au Mark X iliyopunguzwa urefu wa springi.

Wenye mashine hizo wanajua kwa kichwa kila kilichofungwa na kilichotolewa. Wanajua pia kila shilingi iliyotoka mfukoni. Kinachowasumbua huja siku ya kuuza, pale mnunuzi anapolizunguka gari mara mbili, anafungua boneti, anakaa kimya kidogo, kisha anataja bei iliyo chini ya ile ya gari lisiloguswa kabisa.

Kwa vijana wengi, huo ni mkwanja ambao ungeweza kununua kiwanja Mapinga au kupandisha msingi wa nyumba. Ndiyo maana swali hili si la masihara: fedha unayoweka kuliongezea gari mbio inarudi?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hairudi. Jibu refu lina mambo ya karatasi, chumvi ya bahari, matuta ya barabarani na historia ya mbio za magari zenyewe.

Vipimo vya afya kwanza

Mashabiki wa soka wanalielewa hili haraka. Klabu inaposajili straika, mabao yake inayajua tayari. Kinachosubiriwa ni vipimo vya afya. Mchezaji aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa goti anaweza kuwa na kasi kuliko zamani, lakini bosi wa usajili atataka faili lote: nani alimfanyia, lini, na goti limehimili mechi ngapi tangu hapo.

Gari lililochezewa ni straika mwenye kovu gotini. Mnunuzi haoni nguvu mpya peke yake. Anaona maswali. Nani aliifungua hii injini? Kwa nini aliifungua? Aliyeongeza presha ya tabo aliongeza na mafuta ya kuilinda, au alitaka tu ipige kelele? Gari limekimbizwa mara ngapi usiku hadi sindano ya joto ikapanda?

Muuzaji asipokuwa na majibu yanayoonekana kwenye karatasi, mnunuzi anajijibu mwenyewe, na anajijibu kwa kupunguza bei.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari hulisahau. Anayelichezea gari analichezea kwa ladha yake. Rimu za dhahabu, spoila ndefu, kiti cha mbio kisichoegemea nyuma, ekzosi inayoamsha watoto mtaa mzima: hayo ni mapenzi ya mtu mmoja. Soko ni la watu wengi. Baba wa watoto wawili anayeitafuta Impreza kwa sababu ina magurudumu manne yanayovuta hataki kelele hizo, na akiondoka, wanunuzi wamepungua.

Wajapani waliacha nafasi

Si kwamba wanaoyachezea magari haya ni wajinga. Magari yenyewe yanaita.

Mwaka 1989 watengenezaji wa magari wa Japani walianza kuheshimu makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280 kwa soko la nyumbani, na utaratibu huo ulidumu hadi 2004. Ndani ya kipindi hicho zilitoka Impreza WRX STI, Lancer Evolution, Toyota Supra na Nissan Skyline GT-R. Kwenye karatasi zote zilikaribiana. Ndani ya injini, baadhi zilikuwa na nafasi kubwa iliyoachwa wazi. Injini ya Supra ya lita tatu, maarufu kama 2JZ, ilijengewa jina lake duniani na mafundi walioiongezea nguvu mara mbili na zaidi bila kubadilisha kizibo chake cha chuma.

Juu ya hapo, magari ya soko la Japani yalifungiwa kasi yasizidi kilometa 180 kwa saa. Kijana akiambiwa gari lake limefungwa mdomo, jambo la kwanza analofikiria ni kulifungua.

Kisha kuna mbio zenyewe. Sheria za zama hizo zilimtaka mtengenezaji auze angalau magari 2,500 ya aina ile ile anayotaka kushindania. Ndiyo sababu mtu wa kawaida aliweza kununua ndugu wa damu wa gari aliloliona kwenye televisheni. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Colin McRae alibeba ubingwa wa madereva mwaka 1995 akiwa na Impreza. Tommi Mäkinen akaja na Mitsubishi yake na kuchukua ubingwa wa madereva mara nne mfululizo, kuanzia 1996 hadi 1999.

Afrika Mashariki iliyaona hayo kwa macho. Safari Rally ya 1996 alishinda Mäkinen. Ya 1997 alishinda McRae na Subaru. Ya 2000 akashinda Richard Burns, naye akiwa na Subaru, na mwaka 2001 Mäkinen akarudi na kushinda tena. Mtoto aliyekuwa akishangilia vumbi lile leo ni mtu mzima mwenye mshahara, na gari analolitaka bado ni lile lile.

TRA haiulizi tabo yako

Gari linapofika Bandari ya Dar es Salaam, safari yake ya bei inaanza na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mfumo wa mamlaka hiyo wa kukadiria kodi ya magari ya mtumba unauliza vitu vya msingi: kampuni, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini.

Ukubwa wa injini una maana kubwa. Ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka sentimita za ujazo 1,000, na hupanda tena inapovuka 2,000. Ndiyo maana Impreza STI ya Kijapani, ambayo injini yake ni ya lita mbili, ina nafuu kuliko ndugu yake wa lita mbili na nusu aliyetengenezwa kwa masoko ya nje. Gari lililovuka miaka minane linatozwa pia nyongeza ya uchakavu, na likivuka kumi nyongeza hiyo inakuwa kubwa zaidi. Wenzetu Kenya wamekwenda mbali zaidi: gari la mtumba lililozidi miaka minane haliingii kabisa.

Hakuna mahali mfumo unapouliza tabo ina ukubwa gani au springi zimetoka kampuni gani. Bei ya msingi ya gari nchini inajengwa na mwaka, modeli na injini. Kila ulichoongeza hapo ni mapatano yako na mnunuzi, na mnunuzi hana deni na wewe.

Ila serikali inaliuliza gari swali moja gumu, na jibu lake liko kwenye kadi. Kadi ya gari inaandika namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini na rangi. Ukitoa injini ya lita mbili na kutumbukiza nyingine iliyotoka Gerezani au Dubai, kadi na gari haviongei lugha moja tena hadi upeleke taarifa, gari likaguliwe na kadi irekebishwe.

Wengi hawafanyi hivyo. Gari linatembea, maisha yanaendelea. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili anapiga goti, anaangaza tochi, anasoma namba iliyochongwa kwenye injini na kuilinganisha na kadi. Zisipofanana, mazungumzo ya bei yanageuka mazungumzo ya hofu: je, hii injini ni ya wizi? Je, nitahamishaje umiliki? Hapo hata kama injini ni mpya na ina nguvu kama treni, bei imeanguka.

Ni hivyo hivyo kwa bima. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa taarifa za mteja. Gari lililokatiwa bima kubwa likiwa la kawaida, kisha likaongezwa nguvu kimyakimya, linampa mwenye kampuni sababu ya kuuliza maswali siku ya ajali. Mnunuzi anayejua hilo anahesabu gharama yake mapema.

Hesabu ya milioni 12

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, si bei za sokoni wiki hii.

Jamaa wawili wana Impreza WRX STI za mwaka mmoja, hali moja, kila moja ina thamani ya Sh25 milioni. Wa kwanza anafanya servisi tu. Wa pili anaweka tabo kubwa kwa Sh3.5 milioni, ekzosi Sh1.5 milioni, kubadilisha programu ya kompyuta ya gari Sh1.5 milioni, shokapu na springi Sh2.5 milioni, rimu na tairi Sh3 milioni. Jumla yake ni Sh12 milioni. Kichwani mwake, gari sasa ni la Sh37 milioni.

Mnunuzi anayetaka gari la kutembelea anaogopa, anasema atatoa Sh22 milioni. Jamaa akikubali, ameacha Sh15 milioni mezani.

Sasa fikiria alikuwa na busara ya kuhifadhi vifaa vyote vya awali stoo. Anairudisha tabo ya kiwandani, anarudisha shokapu, springi, rimu, ekzosi na programu ya zamani, na kumlipa fundi Sh1 milioni kwa kazi hiyo. Gari linauzwa Sh25 milioni kama la mwenzake. Vile alivyotoa anaviuza kimoja kimoja kwa wapenzi wenzake: tabo Sh1.5 milioni, shokapu, springi, rimu na tairi kwa nusu bei, yaani Sh2.75 milioni. Mkononi anabaki na Sh28.25 milioni.

Bado amepoteza, kwa kuwa alishaweka Sh37 milioni. Lakini hasara yake imeshuka kutoka Sh15 milioni hadi Sh8.75 milioni. Tofauti hiyo ya Sh6.25 milioni imetoka kwenye boksi lililokuwa stoo likijaa vumbi.

Kanuni inayotoka hapo ni nyepesi: sehemu hizo zina wateja wake, na gari lina wateja wake. Ukiviuza pamoja, kila mteja analipia anachokitaka na kukutoza kwa asichokitaka.

Chumvi na matuta

Pwani hii ina hesabu yake ya ziada ambayo mtu wa Iringa au Arusha haikutani nayo.

Bagamoyo ni mji wa chumvi. Kuna mashamba ya chumvi hapa, kuna mengine Saadani, na upepo wa baharini haumwachi mtu. Chuma kisichofunikwa kinakula kutu kwa kasi. Gari linapotoka kiwandani, chini yake limepakwa dawa ya kuzuia kutu. Ukilishusha, tumbo linaanza kukwaruza kwenye matuta, na kati ya Tegeta na Bagamoyo matuta hayakosi. Kila mkwaruzo unaondoa dawa. Chumvi inaingia. Baada ya miaka miwili ya hewa ya ufukweni, mnunuzi akilipandisha gari juu ya jeki anaona ramani ya kila tuta lililopitwa.

Kinachoumiza zaidi ni springi za kukatwa. Fundi wa kitaa anachukua msumeno, anaondoa mzunguko mmoja au miwili wa springi ya kiwandani, gari linashuka chap na bei yake ni ya soda. Ila shokapu ilitengenezwa kwa springi ndefu. Inagonga mwisho, inavuja, tairi linakula upande wa ndani, na springi ikikatwa hairefuki tena. Hilo ni badiliko lisilo na njia ya kurudi.

Mafuta nayo yana neno. Magari ya mbio ya soko la Japani yalipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko kwao huwa na okteni inayokaribia 100. Vituo vingi vya huku havina mafuta ya kiwango hicho. Injini ya kiwandani ina kinga yake, inajipunguzia nguvu yenyewe ikihisi mlipuko usio wa wakati. Programu iliyopikwa haraka kutafuta nguvu inaweza kuila kinga hiyo, na pistoni ndizo zinazolipa. Injini za boksa za Subaru zinajulikana kwa ugonjwa huo zikisukumwa kupita kiasi, hasa zile za lita mbili na nusu.

Na nguvu yote hiyo inaenda wapi? Maeneo ya makazi mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na barabara ya Bagamoyo ni makazi kwa sehemu kubwa ya urefu wake: shule, vituo vya daladala, bodaboda zinazokatiza, akina mama wanaovuka na ndoo. Mnunuzi anayeishi Bunju anajua hatazitumia farasi hizo. Kwa nini azilipie?

Yasiyoumiza sana

Si kila badiliko ni sumu. Wanunuzi huyatenga katika makundi matatu, hata wasipoyataja hivyo.

Kundi la kwanza ni yale yanayoondoka kwa spana: rimu, tairi nzuri, pedi bora za breki, shokapu za kampuni inayojulikana, redio. Haya hayashushi bei ikiwa vya awali vipo. Breki na shokapu nzuri zinaweza hata kuliuza gari haraka kuliko jirani yake, ingawa haraka na ghali ni vitu viwili.

Kundi la pili ni yale yanayogusa uhai wa injini: tabo kubwa, presha iliyoongezwa, programu ya kompyuta, klachi ngumu. Hapa kila kitu kinategemea karatasi. Risiti, jina la gereji, tarehe, vipimo vya nguvu kabla na baada. Ukiwa nazo, mnunuzi anayejua magari atakaa mezani. Bila hizo, unauza hadithi.

Kundi la tatu ni yale yasiyorudi: bodi iliyokatwa kupisha tairi pana, nyaya zilizounganishwa kwa selotepu, springi za msumeno, usukani wa mbio uliowekwa baada ya kung'oa mfuko wa hewa, injini isiyo kwenye kadi. Hapo bei inaanguka na gari linaishia kuuzwa vipande. Wenyewe wanaita kuchinjwa.

Mbio zina soko lao

Kuna mahali pamoja ambapo kanuni yote hii inapinduka, na Bagamoyo inapafahamu. Mji huu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyowahi kupokea mbio za magari, barabara zake za vumbi zikigeuka uwanja na wanakijiji kujipanga kwenye kona kama wako jukwaa la mzunguko.

Kwa dereva wa mbio, gari lisiloguswa halina maana. Anahitaji kizimba cha vyuma ndani, viti vya mbio, mikanda, mfumo wa kuzima moto, ngao ya chini ya injini na shokapu za kuhimili kuruka. Kujenga vyote hivyo kutoka mwanzo ni ghali kuliko kununua gari ambalo mwenzako ameshalijenga. Kwa hiyo hapa mabadiliko yanalipiwa.

Lakini angalia yanalipiwa kwa sharti gani. Gari la mbio linajengwa kwa kitabu cha sheria za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), ambalo Chama cha Magari Tanzania (AAT) ni mwanachama wake. Kizimba kina hati. Vifaa vina alama. Mikanda ya usalama ina umri wa miaka mitano tu kwa viwango vya FIA, baada ya hapo ni mapambo, na viti navyo vina tarehe ya mwisho. Mnunuzi wa gari la mbio huanza kusoma tarehe kabla ya kuwasha injini.

Kwa maneno mengine, hata huko kwenye vumbi kinachouzwa ni uhakika. Tofauti ni kwamba kwenye mbio uhakika uko ndani ya mabadiliko, na mtaani uhakika uko kwenye uasili.

Na soko hilo halina huruma sheria zinapobadilika. Kwa miaka mingi Lancer Evolution na Impreza za Kundi N ndizo zilizotawala mbio za ukanda huu. Mwaka 2013 FIA ikaleta daraja la R5, magari yaliyojengwa kwa mbio tangu kiwandani, bei yake ikiwekewa ukomo wa euro 180,000 kabla ya kodi. Mkenya Manvir Baryan akachukua ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, akiwa na Skoda Fabia R5. Evo iliyokuwa mfalme ikashuka daraja bila kubadilishwa hata nati moja. Aliyeweka fedha nyingi kuijenga akitarajia kuiuza kama gari la ushindi, soko lilimpita kwa kasi kuliko alivyoweza kukanyaga.

Wazee wa ukanda huu wanakumbuka zama nyingine. Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Tanzania, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Wakati huo njia ya mbio ilipita Kenya, Uganda na Tanzania, na gari lililoshinda lilifanana sana na lile lililokuwa likibeba abiria na mizigo mitaani. Sifa iliyouza 404 ilikuwa kuhimili. Watu walilipa kwa kitu kilichothibitishwa, na jambo hilo halijabadilika hadi leo.

Supra ya sinema

Ukimwambia kijana haya yote, atakutajia sinema. Na ana hoja. Toyota Supra ya rangi ya machungwa, iliyochezewa kila mahali na kutumika kwenye filamu ya kwanza ya The Fast and the Furious ya 2001, iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2021 kwa dola 550,000. Nissan Skyline GT-R R34 ya buluu iliyoendeshwa na Paul Walker kwenye filamu ya nne iliuzwa mwaka 2023 kwa dola milioni 1.357.

Magari hayo mawili hayakuuzwa kwa sababu ya ekzosi na spoila. Yaliuzwa kwa sababu ya mtu aliyekaa kwenye usukani, na ushahidi kwamba ni yale yenyewe. Ukitengeneza Supra inayofanana nayo nukta kwa nukta huku Kerege, umetengeneza nakala, na nakala inauzwa kwa bei ya nakala.

Angalia upande wa pili. Mwaka 1998 Subaru ilitoa Impreza 22B, magari 400 kwa Japani na mengine machache kwa nje. Leo hilo ni miongoni mwa magari ya Kijapani yanayowindwa zaidi na wakusanyaji, na wanachotafuta kwanza ni lile ambalo bado liko kama lilivyotoka. Kadiri miaka inavyokwenda, magari yaliyochezewa yanaongezeka na yasiyoguswa yanapungua. Kinachopungua ndicho kinachopanda bei.

Hilo linafika hadi kwetu. Mitsubishi iliacha kutengeneza Lancer Evolution katikati ya muongo uliopita. Hakuna mpya zinazokuja. Kila moja inayokatwa bodi leo inaiongezea thamani ile iliyofunikwa turubai uani kwa mtu.

Kabla ya kushika spana

Kwa anayelipenda gari lake na hana mpango wa kuliuza, mjadala huu una uzito mdogo. Starehe nayo ina gharama, kama tiketi ya jukwaa kuu. Mtu halipi kiingilio cha dabi ya Kariakoo akitarajia kurudishiwa baada ya dakika 90.

Tatizo ni kwa anayejidanganya kwamba anawekeza. Huyo aanze na mambo machache. Kila kinachotolewa kwenye gari kifutwe, kifungwe na kuhifadhiwa mahali pakavu, mbali na upepo wa bahari. Kila risiti iwekwe kwenye faili moja pamoja na kumbukumbu za servisi. Injini ikibadilishwa, kadi ifuate wiki hiyo hiyo. Nyaya zisikatwe pale ambapo plagi inaweza kutumika. Chini ya gari lililoshushwa pakwe dawa ya kutu upya kila baada ya msimu wa mvua. Breki zitangulie nguvu, kwa sababu tabo haijawahi kumsimamishia mtu gari mbele ya kivuko cha shule.

Ikifika siku ya kuuza, achague mteja kabla ya kutaja bei. Mteja wa mtaani auziwe gari lililorudishwa kama lilivyotoka Japani. Mteja wa mbio auziwe lililojengwa, hati zikiwa juu ya boneti. Atakayejaribu kumuuzia mmoja gari la mwingine atazunguka na dalali kuanzia Mwenge hadi Makofia, na kila atakayefungua boneti atashusha bei kidogo kuliko aliyetangulia.